Shajara ya mradi: njia tatu za kuifikia benzokaini

Wiki ya 1. Lengo, na kurudi nyuma kutoka kwenye lengo

Lengo ni gramu 10 za benzokaini safi, yaani ethili 4-aminobenzoeti (C9H11NO2, uzito wa moli 165.19). Hizo ni milimoli 60.5. Kiwango cha kuyeyuka kinachotakiwa ni 88–90 °C. Dawa hii ya ganzi ilisanisiwa kwa mara ya kwanza na Eduard Ritsert nchini Ujerumani mwaka 1890. Tumeichagua kwa sababu ina vikundi viwili tu kwenye pete moja, kwa hiyo makosa ya mpango yanaonekana wazi: ukikosea mpangilio wa hatua, hakuna ugumu mwingine wa kusingizia.

Tumeanza kwa kurudi nyuma, kwa utaratibu ambao E. J. Corey aliufanya uwe taaluma na kutunukiwa Nobel mwaka 1990. Kata ya kwanza haina ubishi: esta inavunjika kuwa asidi na ethanoli. Baada ya hapo mti unagawanyika. Kaboksili itatokana na methili iliyooksidishwa, kwa kuwa tolueni zenye nitrojeni kwenye nafasi ya para (upande wa pili wa pete, mkabala na methili) zinanunulika. Nitrojeni nayo inaweza kuwapo tangu mwanzo ikiwa amino, au ikaja imefichwa ndani ya nitro hadi mwishoni.

Njia zilizobaki mezani ni tatu.

Njia A: para-toluidini → asetamidi yake (kukinga amino) → asidi ya 4-asetamidobenzoiki (pamanganeti) → asidi ya 4-aminobenzoiki (kuondoa kinga) → benzokaini. Hatua 4.

Njia B: para-nitrotolueni → asidi ya 4-nitrobenzoiki (dikromati) → esta ya nitro → benzokaini. Hatua 3.

Njia C: ni kama B, ila kioksidishi ni pamanganeti ya potasiamu.

Kuna jambo moja tumeliandika kwa kalamu nyekundu. Para-nitrotolueni na asidi ya 4-aminobenzoiki zina fomula moja, C7H7NO2, na uzito mmoja, 137.14. Ni isoma, yaani atomu zile zile zilizopangwa tofauti. Kwa hesabu ya atomu, tunatoa oksijeni mbili kwenye nitrojeni na kuziweka kwenye kaboni, na hidrojeni mbili zinakwenda upande wa pili. Kioksidishi chote tutakachomimina, pamoja na chuma au hidrojeni yote itakayofuata, ni gharama ya kuzihamisha atomu zile zile. Ukiliona hilo mapema, unajua taka itatoka wapi kabla hujapima chochote.

Wiki ya 1, mwisho. Hesabu ya karatasini

Mavuno ya kupangia: njia A asilimia 85, 65, 75 na 65, njia B asilimia 84, 85 na 90, njia C asilimia 55, 85 na 90. Hayo ni makadirio ya kupimia mahitaji, wala si matokeo. Yakizidishwa, A inaleta asilimia 27, B asilimia 64, C asilimia 42.

Kwa gramu 10 za benzokaini mahitaji ni haya:

A: para-toluidini g 24.1, anihidridi ya asetiki g 25, pamanganeti g 75.5 (moli 2.5 kwa kila moli ya asetamidi). Taka ya dioksidi ya manganizi: takriban g 41.

B: para-nitrotolueni g 12.9, dikromati ya sodiamu yenye maji ya fuwele g 38. Ndani yake kuna g 13 za kromiamu. Kwa maneno mengine, metali yenye sumu inauzidi uzito wa dawa tunayoitengeneza.

C: para-nitrotolueni g 19.7, pamanganeti g 54.5 (moli 2.4). Dioksidi ya manganizi: g 30.

Tumepiga pia hesabu ya uchumi wa atomu, kipimo cha Barry Trost cha mwaka 1991: uzito wa kilicholengwa ugawanywe kwa jumla ya uzito wa vitendanishi kwa uwiano wa mlinganyo, bila ziada. A ni asilimia 28. B ni asilimia 19 ukihesabu asidi ya salfuriki inayohitajika na ukimalizia kwa hidrojeni. C ni asilimia 33 kwa hidrojeni, lakini inashuka hadi 26 ukitumia chuma, chini ya A kabisa. Namba hii isisomwe peke yake. Kwenye A, mbali na dioksidi ya manganizi, kinachoondoka kinaondoka katika maji yaliyojaa asetati na chumvi za amini yenye harufu. Kwenye C, kinachoongeza uzito ni oksidi ya chuma, na hiyo haina sumu ya kutisha. Kipimo hakijui tofauti kati ya kutu na kromiamu ya valensi sita, kwa hiyo kuijua ni kazi yetu.

Uamuzi wa kwanza: B imetolewa. Mavuno yake ni mazuri kuliko yote, lakini kromiamu (VI) husababisha saratani, na hakuna mavuno yanayofuta kazi ya kuipunguza hadi kromiamu (III), kuitupa chini kama hidroksidi na kuihifadhi. Siku za kushughulikia taka zingezidi siku za usanisi.

Wiki ya 2. Kwa nini njia A haikutupwa haraka

A ina hatua nyingi, lakini inafundisha kitu ambacho C inakikwepa, na tulitaka kuwa na hakika kwamba tunakikwepa kwa sababu sahihi.

Amino haiwezi kuachwa wazi mbele ya pamanganeti. Nitrojeni itaoksidishwa kabla ya methili, na utapata rangi za azo na lami ya kahawia. Asetili hufunga jozi ya elektroni ya nitrojeni ndani ya amidi, na hapo methili ndiyo inabaki kuwa mahali rahisi pa kushambulia. Hatua hiyo ni rahisi: para-toluidini iyeyushwe kwenye maji yenye asidi ya hidrokloriki, iongezwe anihidridi ya asetiki, kisha papo hapo asetati ya sodiamu. Asetati huinua pH, amini inaachiwa huru na kunyakua asetili kabla maji hayajaila anihidridi. Ukichelewesha asetati, unatengeneza siki.

Kwenye oksidisho, kila moli ya methili hula moli 2 za pamanganeti na kuacha moli 1 ya hidroksidi ya potasiamu. Hapo ndipo A inapofia mikononi mwa wengi: pH hupanda, besi moto huivunja amidi, amino inafunguka na kuungua. Dawa yake ni salfeti ya magnesiamu tangu mwanzo. Magnesiamu huikamata hidroksidi na kuwa Mg(OH)2 isiyoyeyuka. Kwa milimoli 191 za asetamidi, kiwango cha chini kabisa cha salfeti yenye maji 7 ya fuwele ni g 23.5, sisi tungeweka g 35.

Kuondoa kinga ni nusu saa ya kuchemsha kwenye asidi ya hidrokloriki. Tabu inaanza baadaye. Asidi ya 4-aminobenzoiki ina pKa mbili (pH ambazo nusu yake hubadili chaji), takriban 2.4 na 4.9. Kwenye asidi inayeyuka kama chumvi ya amoniamu, kwenye besi inayeyuka kama kaboksileti. Inashuka vizuri karibu na pH 3.6 tu. Amonia hadi pH 7–8, kisha asidi ya asetiki kidogo kidogo. Ukipitiliza kwa upande wowote, mavuno yanabaki ndani ya maji na huyaoni.

Halafu kuna esta. Amino iliyo wazi ni besi, kwa hiyo moli ya kwanza ya asidi ya salfuriki inaliwa nayo, na mchanganyiko hukaza kama uji kwa chumvi iliyoshuka. Asidi lazima izidi moli moja kwa moja, na yote hiyo itabidi izimwe kwa kaboneti mwishoni, na povu lake. Kwenye C, asidi ya 4-nitrobenzoiki haina kundi la kuila asidi hiyo. Kinachohitajika ni kichocheo tu.

Tuliwahi kufikiria kuunganisha hatua mbili za mwisho za A: asidi ya 4-asetamidobenzoiki ichemshwe moja kwa moja kwenye ethanoli na asidi, asetili iondoke kama ethili asetati huku esta ikifungwa. Inaokoa lile dirisha dogo la pH. Haiokoi salfeti ya magnesiamu wala g 41 za dioksidi ya manganizi. A imewekwa akiba.

Wiki ya 2, mwisho. Mpangilio ndani ya C: esta kwanza au amino kwanza?

Kutoka asidi ya 4-nitrobenzoiki kuna mipangilio miwili. Nitro ikigeuzwa kwanza, tunarudi kwenye asidi ya 4-aminobenzoiki na tabia zake zote. Esta ikifungwa kwanza, kila hatua inatoa kitu kinachotengana na jirani yake bila ubishi: asidi isiyogeuka inaondolewa kwa bikaboneti, esta inabaki imara kama kitu kisicho na chaji, na amino inazaliwa mwisho kabisa, ikiwa na muda mfupi zaidi wa kuharibika kwa hewa na mwanga.

Esta kwanza. Hili ndilo badiliko lenye faida kubwa kuliko yote katika mpango huu, na halikuongeza kitendanishi hata kimoja.

Wiki ya 3. Jaribio dogo la oksidisho, milimoli 20

Para-nitrotolueni g 2.74, pamanganeti g 7.6, maji ml 60, kuchemsha kwa kondensa iliyosimama. Tahadhari: nitrotolueni na toluidini zote hupenya ngozi na kuharibu uwezo wa damu kubeba oksijeni. Glavu zibadilishwe mara zikichafuka, na kazi yote ifanyike ndani ya kabati la hewa.

Jaribio la kwanza lilikwama. Baada ya dakika 40, shingo ya kondensa ilikuwa imejaa sindano za manjano hafifu. Para-nitrotolueni haiyeyuki kwenye maji, na hupanda pamoja na mvuke; ikifika kwenye kioo baridi inaganda. Nusu ya kianzio ilikuwa juu, pamanganeti yote chini, na pamanganeti isiyo na cha kula huanza kujivunja kwa joto na kutoa oksijeni.

Marekebisho: (1) bromidi ya setiltrimethilamoniamu g 0.2, ili ioni ya pamanganeti ivushwe hadi ndani ya matone ya mafuta. (2) joto la maji 90 °C badala ya kuchemka. (3) pamanganeti igawanywe mafungu 5, kila fungu liongezwe zambarau ya lililotangulia ikishafifia. (4) fuwele zikionekana kwenye kondensa, maji yake yafungwe dakika mbili au tatu. Zinayeyuka kwenye 52 °C, kwa hiyo zinadondoka zenyewe kurudi chini. Mtu akae hapo hapo kwa dakika hizo. Kondensa isiyo na maji haiachwi peke yake.

Kujua kama pamanganeti imebaki: dondosha tone kwenye karatasi ya kuchujia. Katikati panakuwa na doa la kahawia la dioksidi ya manganizi, na maji husambaa kulizunguka. Pete hiyo ya nje ikiwa ya zambarau au waridi, bado kuna kioksidishi. Ikiwa haina rangi, kimekwisha. Kilichobaki kilizimwa kwa matone ya ethanoli.

Matokeo ya jaribio la pili: asidi g 1.94, asilimia 58. Kutoka kwenye mashapo tulirudisha para-nitrotolueni g 0.6. Ukihesabu kilicholiwa tu, mavuno ni asilimia 74. Kwa hiyo hasara kubwa si kuungua kwa kianzio, ni kwamba hakikufikiwa. Hilo lina dawa, kuungua hakuna dawa.

Wiki ya 4. Oksidisho kubwa

Para-nitrotolueni g 20.0 (milimoli 146), pamanganeti g 55.5, maji ml 450, kivushi (ile bromidi ya setiltrimethilamoniamu) g 1.4, mkorogo wa mashine wenye pedali. Mafungu 8 kwa saa 5.

Kuchuja ndiko kulikochukua muda. Dioksidi ya manganizi ikipoa hugeuka utelezi unaoziba karatasi. Ichujwe ingali moto, juu ya tabaka la udongo wa diatomia la sentimita 1, na keki ioshwe mara tatu kwa ml 40 za maji moto yenye hidroksidi ya sodiamu kidogo. Chumvi ya asidi yetu imenaswa kati ya chembe hizo. Maji ya mwisho ya kuoshea yalipotiwa asidi bado yalitoa ukungu mweupe, kwa hiyo tuliosha mara ya nne.

Machujio yakipoa yalioshwa kwa ethili asetati kuondoa nitrotolueni iliyobaki, kisha asidi ya hidrokloriki hadi pH 1–2. Mashapo ya rangi ya krimu yakashuka mara moja. Yakaushwe vizuri: maji yanayobaki hapa yataingia kwenye hatua inayofuata na kuirudisha nyuma.

Mavuno: g 13.6, asilimia 56. Kiwango cha kuyeyuka 238–240 °C.

Wiki ya 5. Esta

Asidi g 13.4 (milimoli 80), ethanoli isiyo na maji ml 80, asidi ya salfuriki nzito ml 4, kuchemsha saa 6. Ethanoli hapa ni kitendanishi na kiyeyushi pia, karibu moli 17 kwa moja, na ziada hiyo ndiyo inayousukuma mlingano upande wa esta.

Asidi haiyeyuki vizuri mwanzoni. Mchanganyiko ni mzito na mweupe. Unavyozidi kuwa mwangavu ndivyo esta inavyoongezeka, kwa hiyo macho yanakupa habari kabla ya bamba la kromatografia. Yetu ilikuwa angavu kabisa saa ya nne.

Onyo kuhusu ethanoli: spiriti iliyochanganywa na methanoli isitumike. Methanoli hufunga esta yake, nayo hukufuata hadi mwisho ikiwa methili 4-aminobenzoeti. Inashuka pamoja na benzokaini, na kiwango cha kuyeyuka kinateremka na kutawanyika.

Ethanoli karibu ml 50 ilikenekwa, kilichobaki kikamiminwa kwenye barafu, na kaboneti ya sodiamu ikaongezwa hadi pH 8. Esta ya nitro huyeyuka kwenye 57 °C, na ikiwa na ethanoli ndani yake hata chini ya hapo. Bika ikiwa ya vuguvugu utapata mafuta ya manjano yanayoshika kioo badala ya unga. Chini ya 10 °C, na mbegu ya fuwele, ilishuka safi.

Mavuno: g 13.0, asilimia 83. Maji ya kuchujia yalipotiwa asidi yalirudisha asidi g 1.5, ambayo imekaushwa na kuwekwa kwa ajili ya mzunguko ujao.

Wiki ya 6. Nitro kuwa amino

Machaguo yalikuwa matatu. Hidrojeni kwenye paladiamu na kaboni ndiyo safi kuliko zote: moli 3 kwa moja, yaani takriban lita 4.8 za gesi kwa kiasi chetu. Lakini kichocheo kikishakunywa hidrojeni kinaweza kuwaka kikikauka kwenye karatasi ya kuchujia, na tulitaka utaratibu unaorudiwa mahali pasipo na vifaa vya gesi. Bati na asidi ya hidrokloriki ni kali kwa esta, na ukilizima kwa besi hidroksidi za bati hugeuka jeli inayomeza bidhaa. Tulichagua chuma na kloridi ya amoniamu, ambayo hufanya kazi karibu na pH ya kawaida.

Mlinganyo: moli 4 za nitro, moli 9 za chuma, moli 4 za maji, zinatoa moli 4 za amini na moli 3 za Fe3O4. Kiwango cha chini ni moli 2.25 za chuma, tuliweka 4.5, kwa sababu sehemu ya kila chembe hufunikwa na oksidi yake yenyewe na haifikiwi.

Unga wa chuma g 16.7, kloridi ya amoniamu g 3.5, ethanoli ml 100, maji ml 30. Kikorogeo cha sumaku hakifai: kinajikusanyia unga wote wa chuma, kinageuka kama nungunungu na kusimama. Tumia pedali.

Chuma kichemshwe kwanza na kloridi ya amoniamu dakika 10, na matone machache ya asidi ya hidrokloriki, ili ngozi ya oksidi itoke. Ndipo esta iongezwe, mafungu 6 ndani ya dakika 30. Ukiweka esta yote juu ya chuma kilicholala, hakuna kinachotokea kwa muda, kisha kinaamka chote kwa pamoja na chupa inafurika. Rangi ya kijivu iligeuka nyeusi baada ya fungu la pili. Hiyo ni Fe3O4, na ndiyo dalili kwamba kazi imeanza.

Baada ya saa 2.5 doa la nitro lilikuwa limetoweka kwenye bamba. Doa jipya liligeuka manjano kali liliponyunyiziwa para-dimethilaminobenzaldehaidi, kama ilivyo kwa amini za msingi za pete ya benzini. Tulichuja moto juu ya udongo wa diatomia na kuosha keki kwa ethanoli moto, ml 25 mara tatu. Keki ilowekwe maji kabla ya kutupwa. Chuma laini kikikauka hupata joto chenyewe.

Ghafi: g 9.9, asilimia 90.

Wiki ya 6, mwisho. Kusafisha na kupima

Ghafi iliyeyushwe kwenye ethanoli ya vuguvugu, 50–55 °C, isipite hapo. Maji ya joto lile lile yaongezwe tone kwa tone hadi ukungu unaokaa, kisha ethanoli matone machache hadi uondoke, halafu iachwe ipoe polepole. Fungu la kwanza tulilipasha hadi 75 °C na likatoa mafuta chini ya bika, yakiwa yamebeba uchafu wote wa manjano. Lilipashwa tena, likaongezwa ethanoli na kuanza upya.

Benzokaini safi: g 9.1, sindano nyeupe, kiwango cha kuyeyuka 88–89 °C. Infraredi: mikanda miwili ya NH2 juu ya 3300 cm⁻¹, hakuna mikanda ya nitro karibu na 1520 na 1350. NMR ya protoni kwenye CDCl3: 7.86 na 6.64 (H 2 kila moja), 4.31 (kilele chenye matawi manne, H 2), 1.36 (kilele chenye matawi matatu, H 3), na NH2 pana karibu na 4. Karibu na 3.85 hakuna kilele kimoja cha OCH3, kwa hiyo methanoli haikuingia.

Mavuno ya jumla kutoka para-nitrotolueni ni asilimia 38, dhidi ya 42 tuliyopangia. Pungufu ya lengo ni g 0.9. Kwenye kusafisha peke yake tumepoteza g 0.8, na gramu inayopotea hapo ni ghali kuliko inayopotea kwenye oksidisho: imeshabeba pamanganeti, ethanoli na chuma vya hatua zote zilizotangulia.

Yanayofuata: maji ya mama ya kusafishia (yaliyobaki baada ya fuwele kuchujwa) yapunguzwe kwa kukeneka na kutolewa fungu la pili la fuwele. Asidi g 1.5 iliyorudishwa iunganishwe na esta ya mzunguko wa pili. Oksidisho lirudiwe kwa mafungu 12 badala ya 8 na mkorogo wa kasi zaidi, kiasi cha pamanganeti kikiwa kile kile, tuone kama nitrotolueni isiyofikiwa itapungua.